Injini Iliyokufa Mara Mbili

Pazimikapo moshi ndipo pana moto. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuvuka Ziwa Kivu kwa boti ya mazutu, yaani dizeli. Watu wa Kituku, ufuko wa mji wa Goma, walioutazama moshi wa boti ya Janvier Hitimana alasiri ya Alhamisi hawakuona ubaya wowote mpaka ulipokatika. Ijumaa asubuhi maji yalimrudisha mwenye boti ufukoni, kifudifudi, kiatu kimoja mguuni, mkanda wa suruali umenasa kwenye kamba ya nyavu.

Inspekta Wivine Kanyere alimgeuza kwa mikono yake mwenyewe. Daktari wa polisi alikuwa ameshahama.

Karibu mji mzima ulikuwa umehama. Jumamosi iliyotangulia volkano ilipasuka ubavu na kumwaga moto hadi karibu na uwanja wa ndege. Tangu hapo ardhi ilitetemeka kutwa mara nyingi hata watu wakaacha kushtuka. Alhamisi asubuhi redio ikatangaza kwamba mitaa kumi ihame mara moja. Wengi wakashika barabara ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Wengine wakateremka Kituku kutafuta boti za Minova.

Kanyere alibaki. Kituo kilikuwa na mahabusu mmoja, na mahabusu hahami bila ruhusa.

Aliukagua mwili kwa utaratibu. Povu jeupe puani. Ngozi ya viganja imekunjamana. Kucha mbili zimevunjika, na chini yake vipande vya mbao. Hapakuwa na jeraha la kisu wala la rungu. Mtu huyu alizama akiwa hai, akiparura boti iliyopinduka.

Mwavita, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alisimama juu yake na beseni tupu kiunoni.

"Usijisumbue, Mama Inspekta. Muuaji muko naye kule kwenu. Andika Buhendwa."

"Ulimuona akiua?"

"Nilimusikia. Tulimusikia sisi wote."

Akaeleza, na wavuvi wawili wakaitikia kila sentensi. Alhamisi mchana injini ya boti ilinyamaza ghafla na abiria arobaini wakashushwa; kisha Hitimana na fundi wake wa injini, Buhendwa, wakagombana hapa ufukoni. Buhendwa alisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba boti ile haitafika. Wakaondoka wawili tu na shehena ya mali. Haikupita nusu saa moshi ukakatika, upepo ukaipiga boti ubavuni, ikapinduka. Wavuvi walimwokota Buhendwa akiwa hai. Bosi wake hakuonekana. Polisi wawili ndio waliomtoa mikononi mwa watu waliokuwa wameshaanza kutafuta mawe, na mawe Goma hayatafutwi mbali.

Saa tatu simu ililia. Alikuwa Komanda Édouard, mkuu wake, kutoka Sake alikokimbizwa na familia. Alisema lori litapita kesho saa sita kumchukua mahabusu. Tangu mwanzo wa mwezi jimbo lilikuwa chini ya wanajeshi, na raia aliyeua alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Huko kesi ya Buhendwa isingechukua hata asubuhi moja.

"Uko na mufu, uko na mutu, uko na maneno ya mudomo wake," alisema Édouard. "Unangojea nini?"

"Ninangojea moteri ya boti, Komanda. Bado haijasema."

Boti ilikuwa imekwama kwenye mawe meusi upande wa pili wa ghuba, tumbo juu. Iliwachukua wanaume tisa saa nzima kuigeuza na kuivuta nchi kavu. Shehena ilikuwa imezama yote. Injini ilikuwa bado imefungwa mahali pake, nyuma, ikichuruzika maji.

Kanyere alivua koti la polisi, akapiga magoti mbele yake.

Hakuwa mgeni wa mashine hizo. Baba yake alikuwa na mulen Butembo, mashine ya kusaga unga iliyoendeshwa na injini ya mazutu, na binti alijua kuisikiliza kabla hajajua kusoma. Alijua jambo ambalo watu wengi waliozoea pikipiki hawalijui. Pikipiki huzimwa kwa kukatiwa cheche. Injini ya mazutu haina cheche. Huubana upepo ndani ya silinda mpaka uwe moto wa kuunguza, kisha mafuta yakirushwa humo huwaka yenyewe. Ikishawaka, ing'olee betri, tupa ufunguo ziwani, itaendelea kunguruma. Kwa kawaida kuna njia moja tu ya kuizima: uinyime mafuta.

Na zipo namna mbili za kuinyima. Ya kwanza ni kebo inayovuta kijino cha pampu. Ukiivuta, injini hunyamaza papo hapo. Ya pili ni robine, kile kifungio kidogo cha shaba chini ya tangi. Ukikifunga, injini humaliza kwanza mafuta yaliyobaki kwenye mpira wa mafuta na kwenye chujio. Hufa taratibu, na mwenye kuifunga anaweza kuwa mbali wakati huo.

Alijaribu kebo. Ilikuwa imelegea, mahali pake pa kazi. Hakuna aliyeivuta.

Akainua ubao wa nyuma, akapitisha mkono chini ya tangi. Mkono wa robine ulikuwa umelala kukingama na mpira.

Imefungwa.

Na kwenye mkono huo palikuwa na kitambaa, utepe wa kitenge wa njano wenye upana wa vidole viwili, uliozungushwa mara mbili na kupigwa fundo.

Kanyere alikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mwili. Akapiga picha, akakifungua bila kukikata, akakitia katika bahasha. Wavuvi walipomwuliza ameona nini, alisema ameona maji.

Kituoni, Buhendwa alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, miguu mitupu. Kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mabega ya mpiga kasia. Ardhi ilitikisika kidogo Kanyere alipokuwa akivuta kiti. Vumbi likashuka kutoka darini, na hakuna aliyeinua macho.

"Kwenu wapi?"

"Idjwi, Shefu."

"Unajua kuogelea."

"Mutu wa kisiwa anajua."

"Na Hitimana?"

"Aliogopa maji sawa paka. Kila mutu ku Kituku alikuwa anamuchekelea: mwenye boti asiyeoga ziwani."

"Ni wewe ulizima moteri?"

"Hapana."

"Mara ya kwanza, nasema. Kule ufukoni, muchana. Watu arobaini waliona imezima."

Buhendwa alitazama vidole vya miguu yake. "Ilikunywa upepo."

"Moteri yenye upepo inakohoa kwanza. Mwavita anasema hii ilinyamaza sawa mutu aliyezibwa mudomo. Buhendwa, mimi nilikulia mu mulen. Unaweza kunidanganya juu ya wanawake, juu ya mazutu hapana."

Maneno yakamtoka kijana yote kwa pamoja, kama yaliyokuwa yakingoja mlangoni.

Alhamisi mchana boti ilikuwa imejaa watu arobaini, akina mama wengi na watoto, injini ikinguruma tayari kwa safari. Ndipo ikafika gari yenye mali ya duka la Hitimana: friji nne, magodoro mapya, magunia sitini ya unga. Hitimana hakumfukuza mtu. Alimwinamia fundi wake na kumnong'oneza avute kebo. Injini ikafa. Kisha akamwambia aendelee kuishikilia hivyo hivyo chini ya mguu, na yeye Hitimana akazungusha ufunguo mara tatu mbele ya watu wote. Injini ilizunguka, ikalia, haikuwaka. Ingewakaje, na mafuta yamezuiwa? Hitimana akaweka mkono kifuani, akawaambia watu kwamba mashine imekufa, Mungu ndiye ajuaye, wafuate barabara kabla jua halijapungua. Watu wakateremka, wakafunga upya mizigo yao, wakaenda. Wa mwisho alipopotea nyuma ya soko, upakiaji wa magunia ukaanza.

"Nilivuta mimi, Shefu," alisema Buhendwa. "Kwa kidole cha muguu. Mukono niliona haya."

"Ndiyo mukagombana."

"Nilimuambia ile iko zambi. Aliniambia zambi haina nauli. Ndipo nikasema hii boti haitafika."

"Ulijuaje?"

"Sikujua kitu. Yalikuwa maneno ya mama mumoja. Alirudi akaniambia: kijana, baki hapa, ile moteri haitakufikisha. Nilifikiri ni laana ya mutu mwenye hasira."

Kanyere aliacha kuandika. "Mama gani?"

Hakumjua jina. Mama mtu mzima, mwenye sufuria. Buhendwa alikuwa akibeba magunia wakati huo; hakugeuka hata kumtazama vizuri.

"Na kule ziwani, ilikufaje?"

"Sawa muzee. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Ikakohoa. Kimya. Tulikuwa pale pembeni ya mikaratusi. Mawimbi yakatugeuza, magunia yakaserereka upande mumoja." Akajifuta pua kwa bega. "Nilizamia mara ine kumutafuta. Waulize wavuvi."

"Swali la mwisho. Mukiiacha boti, munafungaka robine?"

Buhendwa alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anafunga ziwa. "Robine? Hakuna mutu ku Kituku anafungaka robine. Uisahau siku moja, moteri inakunywa upepo, unapoteza saa nzima kuutoa. Yangu sijaigusa toka mwaka jana."

Saa tisa alasiri Kanyere alikuwa tena ufukoni, akitafuta injini ya aina ileile. Mwenye nayo aliitwa Carlos, na Carlos hakutaka. Alisema polisi wakishamaliza kufungia watu wanaanza kufungia boti. Alisema hewa ikiingia, nani ataitoa, serikali? Kanyere akamjibu kwamba ataitoa yeye, na kama hatajua, Carlos atakuwa na hadithi ya kuwachekesha watu mpaka Krismasi. Hilo lilimshinda Carlos.

Wakawasha injini. Kanyere akainama, akafunga robine kwa mkono wake, akatazama saa.

"Twende."

Boti ilitoka vizuri. Moshi mweusi, kisha wa kijivu. Dakika tano, injini ikinguruma kama kawaida. Dakika nane. Carlos alianza kupiga mluzi. Dakika ya kumi na mbili sauti ilipanda bila kuguswa, ikashuka, ikapanda tena. Carlos akaacha mluzi. Injini ikakohoa mara tatu.

Kimya. Moshi wa mwisho ukaelea, ukakatika.

Dakika kumi na tatu. Kanyere aliinua uso. Mikaratusi aliyoitaja Buhendwa ilikuwa mbele yao, ufukoni.

Aliitoa hewa mwenyewe, akilegeza skurubu na kupampu kwa kidole gumba mpaka povu likaisha na mazutu yakaja safi. Carlos alimtazama hadi mwisho. Akauliza, kwa heshima mpya, kama polisi inaruhusu mtu kufanya kazi mbili.

Jioni Komanda Édouard alipiga tena. Kanyere alimsomea alichokipata. Édouard alisikiliza, akasema hata hivyo Buhendwa naye alikuwa ufukoni. Angeweza kufunga robine kabla ya kuondoka.

"Buhendwa alikuwa na kebo chini ya muguu," alisema Kanyere. "Akitaka kuzima, anazima wakati anataka. Juu ya nini afunge kitu kitakachomuzamisha na yeye? Na kuna kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Akamweleza. Katika mulen tangi huning'inizwa juu, na robine ikiachwa wazi mazutu huchuruzika. Kwa hiyo kila jioni, injini ikishanyamaza, robine hufungwa. Lakini anayefunga jioni si lazima awe ndiye anayefungua asubuhi. Ili mwenzake asije akazungusha injini bure na kuijaza hewa, hufunga kitambaa kwenye mkono wa robine. Ukiona kitambaa, unajua: fungua kwanza. Baba yake alikuwa akimchapa zaidi mfanyakazi aliyesahau kitambaa kuliko aliyechelewa kazini. Watu wa boti hawana desturi hiyo. Wenye malori hawana.

"Mutu wa mulen," alisema Édouard polepole.

"Mutu wa mulen, aliyekuwa nyuma ya boti dakika chache kabla haijatoka."

"Lori iko pale saa sita, Wivine. Siwezi kuisimamisha kwa kitambaa."

"Basi nitakutafutia mukono wake."

Mwavita alikuwa akifunga kibanda chake. Kanyere alimwuliza swali moja: watu waliposhuka, ni nani aliyerudi ndani ya boti? Mwavita alisema hakuna. Halafu akajirekebisha. Mama mmoja alirudi kuchukua sufuria aliyoisahau nyuma. Alikaa huko kidogo, wapakiaji wakampigia kelele awapishe.

"Unamujua?"

"Ananunuaka sambaza kwangu kila Jumanne. Anauzaka uji kule Majengo, nyuma ya kanisa. Tunamuitaka Mama Umutesi." Mwavita alifikiri. "Ila huyo Umutesi mwenyewe sijamuona hata siku moja."

Jumamosi asubuhi mtaa wa Majengo ulikuwa kimya. Milango imefungwa kwa kufuli, kuku wachache wakitembea katikati ya barabara kama wenye mji. Ufa wa tetemeko ulikuwa umeipasua njia, mwembamba, mrefu. Kanyere aliegesha pikipiki nyuma ya kanisa na kusikia sauti moja tu: ufagio.

Mwanamke mrefu, aliyekaribia miaka hamsini, alikuwa akifagia jivu la volkano kwenye kizingiti chake. Alifagia taratibu, akilikusanya fungu moja. Kitenge chake kilikuwa cha njano. Pindo lake la chini lilikuwa limechanika, upana wa vidole viwili.

Alipoona sare hakukimbia. Aliegemeza ufagio ukutani.

"Ule kijana," alisema. "Alipona?"

Kanyere hakuwa amesalimu bado. Alikuwa na maswali kumi na mawili kwenye daftari, na jibu la swali la mwisho lilikuwa limeshatoka.

"Alipona. Habari ya asubuhi, Mama."

"Muzuri." Mwanamke alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Karibu. Kiti ni kimoja, ukae wewe."

Kanyere alibaki amesimama. Akatoa bahasha, akafunua kitambaa kwenye kiganja. Mwanamke alikitazama. Mkono wake ulishuka wenyewe kwenye pindo la kitenge, ukapapasa mahali palipochanika. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

"Mimi nilifunga hicho?"

"Fundo la mulen. Mara mbili, halafu kichwa ndani."

"Robine nakumbuka. Hicho sikikumbuki." Alisogea akakitazama kwa karibu. "Mukono ulikifunga. Miaka kumi na mbili nilifanya kazi mu mulen ya muji wa Kiwanja. Kila jioni, robine, kitambaa. Ona. Nilikuwa naua mutu, mukono unamuonya."

"Jina lako kamili?"

"Uwamariya."

"Na Umutesi?"

"Mutoto wangu."

"Yuko wapi?"

Uwamariya akaketi kwenye kizingiti, juu ya sehemu aliyokwisha kuifagia, na akaeleza bila kupandisha sauti.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, mwezi wa kumi na moja, vita ya waasi ilipoingia Kiwanja. Hitimana alikuwa jirani yao, mwenye lori la Fuso. Asubuhi hiyo alijaza watu ndani ya lori, naye Uwamariya alikuwamo na watoto wake wawili. Injini ilinguruma. Halafu ikanyamaza, ghafla. Hitimana akazungusha ufunguo mara tatu. Akaweka mkono kifuani, akasema imekufa, Mungu ndiye anajua. Watu wakashuka, wakaanza kutembea.

Walikuwa hawajafika mbali Fuso ilipowapita, mbio, imejaa maharage hadi juu.

"Juu ya magunia kulikuwa mbuzi," alisema Uwamariya. "Mbuzi wake. Alikuwa amesimama, anatutazama. Nilisema asante Mungu, gari imepona, pengine atasimama. Nilimupungia mukono."

"Hakusimama."

"Saa moja nyuma yake tulikuta risasi barabarani. Za nani, mupaka leo sijui. Umutesi alianguka; alikuwa na miaka sita. Mudogo alikuwa mugongoni mwangu; ni yeye aliyenikinga."

Ardhi ilitetemeka. Bati la nyumba likagongana, likatulia. Fungu la jivu likamwagika pembeni. Kanyere aligundua kwamba alikuwa ameketi, kwenye kiti kile kimoja.

"Ulimuchukia toka siku ile?"

"Hapana. Ndiyo hii hawataelewa kule kwa majaji, kwenye tribinali yenu. Miaka kumi na mitatu sikumuchukia. Nilimupikia uji, akinipita hapa namusalimia. Nilijua gari ilikufa, halafu ikapona. Nilifikiri ni Mungu aliizima ile Fuso, Mungu akaiwasha. Ni Mungu ndiye nilikuwa naulizaka." Aliokota kipande cha jivu gumu, akakivunja kwa vidole. "Alhamisi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu ya moteri. Nikaisikia inakufa vile vile. Nikageuka. Nikaona kidole cha muguu cha ule kijana juu ya kebo. Nikaona Hitimana anaweka mukono kifuani."

Akapangusa jivu vidoleni.

Kanyere aliuliza alichopaswa kuuliza. "Ungeweza kuwaambia watu."

"Wangemupiga, angepona. Na volkano ingine ikija, au vita ingine, angekuwa na boti ingine."

"Ulijua haogelei."

"Kila mutu alijua."

"Na Buhendwa ndani ya boti?"

Hapo aliinamisha kichwa. "Nilimuambia abaki ufukoni. Hakunisikia. Nilisimama nyuma ya soko, nikaona amepanda, nikasema nirudi nifungue. Miguu ilikataa."

Kanyere alitazama saa. Saa nne na robo. Alifikiri kuhusu kitambaa kile: utepe uliolowa, fundo ambalo yeye peke yake katika kituo kizima angeweza kulisoma. Wakili mzuri angelipuuza kwa kikohozi kimoja. Mwanamke huyu akisema hapana, ni hapana.

"Buhendwa yuko mahabusu," alisema. "Lori ya wanajeshi inamuchukua saa sita. Wanasema ni yeye aliua."

Uwamariya aliinuka. Alinawa mikono na uso kwa maji ya dumu, akajifunga kitambaa cha kichwa, akafunga mlango wake kwa kufuli, akampa Kanyere ufunguo.

"Pikipiki yako inabeba wawili?"

Kituoni lori lilikuwa limeshafika. Komanda Édouard alikuwa amekuja nalo, ametapakaa vumbi la Sake. Buhendwa alikuwa amesimamishwa uani, mikono imefungwa. Uwamariya alimwendea moja kwa moja kabla mtu hajamzuia.

"Kijana. Ni mimi nilifunga robine. Wewe ulikuwa ndani na sikurudi. Unisamehe."

Buhendwa alimtazama, kisha akaitazama miguu yake. "Na mimi nilivuta kebo, Mama. Mulikuwa arobaini."

"Najua. Nilikuona unalia."

Ndani, Kanyere aliandika PV, hati rasmi ya polisi, kwa mkono wake, karatasi tatu za maelezo. Uwamariya alizisikiliza zote zikisomwa, akasahihisha jambo moja: mbuzi alikuwa mweusi, na hilo liandikwe. Édouard alisoma akiwa amesimama. Aliposhusha karatasi, sauti yake ilikuwa imelainika.

Alisema wakili wa serikali hataipenda kesi hii, na majaji ni watu, wana watoto. Maneno machache ya mwisho yangeweza kumpunguzia miaka mingi. Mshitakiwa anajuta. Mshitakiwa anaomba msamaha kwa familia ya marehemu. Ndivyo inavyoandikwa siku zote.

"Andika, Wivine. Mustari mumoja tu."

Kanyere alishika kalamu, hakuiteremsha. Alimgeukia mwanamke. Alitamani asikie ndiyo. Hakuwa ametamani jibu namna hiyo tangu aanze kazi.

"Mama Umutesi. Unasema nini?"

Nje walikuwa wakimfungua Buhendwa pingu. Injini ya lori ilikuwa ikinguruma bure uani, kisha dereva akaivuta kebo, ikanyamaza papo hapo. Uwamariya alingoja mpaka kimya kikae.

"Kijana nimemuomba musamaha. Hitimana simuombi. Andika vile, halafu funga karatasi yako."